Nilisomewa uzito wangu kwenye kipaza sauti, sasa naona haya hata kutembea barabarani

SWALI

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, mkazi wa Pasua hapa Moshi. Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani mbili katika fremu ndogo karibu na soko la Mbuyuni, na siku nyingi nakaa kitini tangu asubuhi hadi jua linapozama, nikiinuka tu kumpima mteja au kupiga pasi. Tangu nimpate mtoto wa mwisho, ambaye sasa yuko darasa la kwanza, mwili wangu umeongezeka mwaka hadi mwaka. Mwanzoni watu walinisifu, kwa sababu kwetu mzazi hulishwa mtori, nyama na maziwa, na akitoka ndani akiwa amejaa kila mtu anajua kwamba alitunzwa. Sifa hizo bado nazisikia, lakini nikipanda ngazi za ghorofa moja nahema, na magoti yananiuma kila ninapoinuka kwenye cherehani.

Miezi iliyopita nilimsindikiza mama yangu kliniki, kwani ana kisukari, nami nikashauriwa nipimwe presha. Ilisoma 148 kwa 94, na niliporudi wiki iliyofuata ilikuwa palepale. Daktari aliniambia nipunguze chumvi, nianze mazoezi, kisha nirudi aone kama nitahitaji dawa. Nilitoka pale nikiwa na nia ya kweli, nikajiunga na darasa la mazoezi ya viungo la jioni katika ukumbi mmoja mjini. Nilisimama mstari wa nyuma, muziki ulikuwa wa kasi, lakini nilijitahidi. Jioni moja mwalimu alileta mzani, akauweka katikati ya ukumbi, akatuita mmoja mmoja na kusoma kilo zetu kwenye kipaza sauti. Zangu zilipotajwa watu walipiga kelele na baadhi wakacheka, na mwalimu akaniambia nisogee mstari wa mbele ili wenzangu wapate funzo. Usiku huohuo video ya tukio hilo iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp, na mtu mmoja akaandika chini yake maneno ambayo sitayarudia hapa. Sikurudi tena.

Nilijaribu kutembea peke yangu alfajiri. Nilipofika kwenye kijiwe cha bodaboda vijana walinipigia kelele kwamba nipunguze mwendo nitapasua lami. Niligeuza nikarudi nyumbani.

Tangu hapo haya imenikaa mwilini. Kanisani tulipata sare mpya za kwaya, na ni mimi niliyezishona zote. Nilipoijaribu ya kwangu haikufunga, nikaifumua usiku watoto wakiwa wamelala na kuongeza kipande ubavuni, kwa sababu sikutaka hata binti anayenisaidia kazi aone. Sasa natafuta visingizio vya kukosa mazoezi ya kwaya. Mahali pekee ambapo sijaacha kwenda ni kwenye kikoba chetu cha kuweka na kukopa cha akina mama wa mtaani, kila Jumamosi mchana, na huko sijawahi kukosa.

Wifi yangu anasema mazoezi ni ya watu wasio na kazi, na kwamba nikikonda watu watasema nina ugonjwa. Mume wangu hajanikataza, wala hajaniuliza chochote. Jirani yangu ananishawishi tujiandikishe kwenye mbio za kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon mwakani, lakini nimeishia kumwitikia tu.

Naomba unishauri. Je, nirudi kwenye lile darasa nijikaze, au nitafute ujasiri kwanza? Na ujasiri wenyewe unapatikana wapi kwa mtu aliyefika nilipofika mimi?

Mwenye Haya,
Pasua, Moshi

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: usirudi katika darasa lile, na usihesabu kutorudi kwako kuwa ni kushindwa.

Uzito wa mtu ni habari ya afya yake, sawa na kipimo cha presha au cha damu, na yeyote anayeujua kwa sababu ya kazi yake anapaswa kuutunza kama amana. Jambo hili wewe unalielewa kuliko mwalimu yule. Katika daftari lako pale Mbuyuni umeandika viuno, nyonga na vifua vya wanawake wengi wa mji huu, na sidhani kama yupo hata mmoja aliyewahi kusikia kipimo chake kikitajwa mbele ya mteja mwingine. Unavuta futi, unaandika bila maneno, unafunga daftari, na nguo inapokamilika mwenye nayo anajiangalia kwenye kioo na kuinua kichwa. Heshima hiyo unayowapa wengine kila siku ndiyo uliyonyimwa ukumbini. Walionyamaza nao walikosea, kwa sababu watu wazima waliojaa ukumbi mzima walikuwa na nafasi ya kusema kwamba mzani ule upelekwe chumba cha pembeni.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wapo walimu wanaoamini kwa dhati kwamba aibu humchochea mtu. Watafiti wanaochunguza masuala ya uzito wameona mara nyingi kinyume chake: mtu anayedhihakiwa kwa ajili ya mwili wake huanza kukwepa mahali pa mazoezi, hukwepa hata hospitali, na mara nyingine hujifariji kwa chakula. Angalia yaliyokupata wewe. Jioni moja ya kipaza sauti imekuondoa ukumbini, ikakurudisha nyumbani kutoka barabarani, na sasa inakaribia kukuondoa kwenye kwaya. Siku ukitafuta kikundi kingine, au rafiki akikualika kwenye chake, utakitambua kilicho kizuri kwa mambo machache unayoweza kuyaona siku ya kwanza tu: mwalimu anakuuliza kuhusu presha, magoti na dawa kabla hujaanza; anaonyesha namna nyepesi ya kila zoezi bila kumtaja anayeihitaji; hakuna anayerekodi video bila ridhaa; na mtu wa mwisho kumaliza hupata wenzake bado wanamsubiri. Kikundi kisicho na mambo hayo, hata kiwe na muziki mzuri na vyombo vya kisasa, hakikufai kwa sasa.

Umeuliza kama utafute ujasiri kwanza. Ukiusubiri ndipo uanze, utausubiri muda mrefu sana, maana ujasiri wa aina hii huja baada ya kutenda, na huja haraka zaidi ukitenda pamoja na watu wanaokufaa. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka katika vyanzo vinne: jambo alilolifanya mwenyewe likafanikiwa, kuona watu wanaofanana naye wakiweza, kutiwa moyo na watu anaowaamini, na jinsi anavyozifasiri hali za mwili wake mwenyewe, kama mapigo ya moyo na kuhema. Sasa vipime vyanzo hivyo kwa ule ukumbi. Ulipewa mazoezi ya kasi ambayo hukuweza kuyamaliza. Uliozungukwa nao walikuwa wepesi kuliko wewe. Badala ya kutiwa moyo ulichekwa, na kuhema kwako, ambako ni jambo la kawaida kwa kila anayeanza, kukawa ushahidi wa aibu. Ningeshangaa kama ungetoka pale na ujasiri.

Umeandika sentensi moja kuhusu kikoba kisha ukaipita, lakini mimi nimesimama hapohapo. Unasema huko hujawahi kukosa. Fikiri kwa nini. Kikoba kina siku yake na saa yake. Kila mtu anajulikana kwa jina na kwa shida zake. Hisa zinazowekwa ni ndogo, lakini zinawekwa kila wiki, na mwisho wa mzunguko mtu anashangaa kiasi alichokusanya. Asiyeonekana huulizwa. Hakuna anayehitaji kuwa tajiri ili akubaliwe. Kikundi cha mazoezi kinachodumu hakina siri nyingine zaidi ya hizo, na ninyi mnazo tayari, pamoja na jambo ambalo haliuzwi katika ukumbi wowote, yaani kuaminiana. Wenzako ni wanawake wa umri na maisha yanayokaribiana na yako, na naamini kabisa kwamba wewe si wa pekee pale mwenye magoti yanayouma au presha iliyopanda, ila tu hakuna aliyewahi kulisema.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, mkifika kwenye mengineyo, omba nafasi. Huna haja ya kusimulia habari za mzani. Sema tu kwamba umepimwa presha, daktari amekuagiza mazoezi, na unaomba wenzako mtembee pamoja kabla ya kikao kwa dakika 20. Nakuhakikishia kwamba kuyasema maneno hayo mbele yao ni zoezi lenyewe la kwanza, na pengine ndilo gumu kuliko yote yatakayofuata.

Wakikubali, wekeni utaratibu mapema, kwani vikundi vingi vya mazoezi hufa kwa kukosa utaratibu kuliko kwa kukosa nguvu. Anayetembea polepole kuliko wote atangulie mbele, na wengine wafuate mwendo wake. Wakitangulia wenye kasi, yule wa nyuma atabaki peke yake na wiki ya pili hatakuja. Katibu aandike mahudhurio, lakini nawasihi msitoze faini kwa aliyekosa. Faini inafaa kwenye fedha. Kwenye mazoezi humfanya mtu aliyekosa mara mbili aogope kurudi mara ya tatu. Apigiwe simu siku hiyohiyo aambiwe kwamba hakuonekana na wenzake wamemuulizia, basi. Mzani usiwepo kabisa. Na msianze na sare. Najua tunavyopenda sare, na najua fundi yupo, lakini nimeona vikundi vilivyochangishana fulana kabla ya kutembea hata kilomita moja, vikavunjika kwa ugomvi wa michango. Mtembee kwanza, sare ije mkishakuwa na mazoea ya kuonana barabarani.

Jumamosi peke yake haitoshi, ingawa ni mwanzo mzuri. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Usiogopeshwe na hesabu hiyo. Dakika 30 kwa siku 5 zinafikisha 150, na miongozo hiyohiyo inasema wazi kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Anza na siku 3 za dakika 20: Jumamosi na wenzako, na asubuhi mbili za katikati ya wiki. Ukizoea ongeza dakika, kisha ongeza siku, ukijipa wiki kadhaa kati ya nyongeza moja na nyingine ili magoti yapate kuzoea.

Kipimo cha mwendo wa wastani ni rahisi, nawe kitakufaa kwa kuwa ni mwanakwaya: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiona ubeti unatoka vizuri, kazeni mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguzeni. Kuhusu njia, mji wetu umelala kwenye mteremko wa mlima. Ukielekea kaskazini, kwenye barabara zenye miti za Shanty Town na kuendelea kuelekea hospitali ya KCMC, unapanda, na ukirudi Pasua unashuka. Kwa wiki za mwanzo bakini kwenye njia tambarare za mtaani kwenu. Baadaye, mkitaka mlima, pandeni kwanza mkiwa na nguvu na mrudi kwa kushuka taratibu, kwa hatua fupi, kwa sababu magoti mabovu huumia zaidi kwenye kushuka. Zile asubuhi mbili za katikati ya wiki mwondoke saa 12:30, kukiwa kumepambazuka. Mwanamke hana sababu ya kutembea gizani peke yake ili tu asionekane.

Mavazi yasikutese. Hakuna sheria inayomtaka mtu avae suruali ya kubana. Suruali pana ya mpira kiunoni, ambayo wewe mwenyewe utaishona kwa nusu siku, dera fupi au fulana ndefu juu yake, na sidiria inayoshika vizuri, vinatosha. Usichopaswa kufanya ni kutembea na ndala. Nenda soko la Memorial jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa shughuli za siku, utafute raba za mtumba: zikunje uone kama soli inapinda kwenye vidole na siyo katikati, angalia kisigino kisiwe kimelika upande mmoja, bonyeza soli kwa kidole gumba uone kama bado inarudi, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu.

Kazini kwako nako pana mazoezi. Kila unapomaliza nguo moja, kabla ya kushika nyingine, inuka kitini na kuketi tena mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, polepole, ukitoa pumzi unapoinuka. Kisha simama hatua moja kutoka ukutani, uweke viganja, ujisukume mara kumi. Hayo ndiyo mazoezi ya misuli wanayoyasema wataalamu, na paja likiimarika goti hupata nafuu. Nimeyafungamanisha na kumaliza nguo kwa makusudi, kwa kuwa tabia mpya hushika haraka ikipachikwa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Watafiti wa University College London waliofuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia mpya, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 kwa tabia kuwa mazoea, lakini wengine walihitaji siku 18 na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Ukikosa Jumatano kwa sababu mtoto anaumwa, ni Jumatano moja tu iliyokosekana. Jumamosi utaendelea ulipoishia.

Kuhusu presha sitapunguza neno. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikionekana katika siku mbili tofauti, ndicho madaktari wanachokiita presha ya juu, nawe umekifikia. Mazoezi na kupunguza chumvi hushusha presha, lakini kwa baadhi ya watu hayatoshi, na kuambiwa umeze dawa hakutakuwa na maana kwamba ulishindwa kufanya mazoezi. Rudi kwa daktari tarehe aliyokupa hata kama utajisikia mzima kabisa, maana presha haina desturi ya kuumiza mpaka imeshaharibu kitu. Mwombe apime na sukari, kwa kuwa mama yako anayo. Siku ya kupimwa usinywe kahawa wala chai kwa nusu saa kabla, keti kimya dakika 5 umeegemea, na mkono uwe wazi, umelazwa usawa wa moyo. Na siku yoyote ukiwa mazoezini ukihisi maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi kusikopungua unapopumzika, simama na upelekwe hospitali mara moja. Wenzako wote wayajue hayo pia.

Chakula hukukiuliza, kwa hiyo nitasema kidogo tu. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Ondoa kopo la chumvi mezani. Mtori na ndizi si adui zako. Punguza mafuta na sehemu ya nyama, ongeza mnafu na maharage, na kwenye kikoba jaribuni maji na matunda pale mlipozoea soda.

Wifi yako usimjibu kwa hasira. Huenda naye anaogopa, kwa sababu katika jamii yetu mwili uliopungua umekuwa ukitafsiriwa vibaya kwa miaka mingi, na wanawake wengi wamebaki na uzito unaowaumiza ili tu wasisemwe. Mwambie ukweli mara moja, kwa upole: “Wifi, nimepimwa presha na iko juu, nami sitaki kukuachia watoto.” Halafu mwalike. Kuhusu kauli yake kwamba mazoezi ni ya wasio na kazi, mkumbushe kwamba Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuelekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itengwe kwa ajili hiyo, na miongoni mwa waliolengwa walikuwamo watumishi wenye kazi zao. Na sisi tuliosoma shule za msingi za nchi hii, nani kati yetu hakukimbia mchakamchaka alfajiri akiitikia na wenzake? Tulikuwa na mazoezi ya pamoja kabla ya kujua kuona haya.

Mume wako amenyamaza, nawe huenda umeutafsiri unyamavu wake kuwa hajali, jambo ambalo huna uhakika nalo. Mweleze kipimo cha presha kwa tarakimu zake, kisha umwombe kitu mahususi: asubuhi zile mbili za katikati ya wiki awaandalie watoto chai. Mwanamume asiyejua aseme nini mara nyingi anajua afanye nini akiombwa waziwazi.

Wale vijana wa bodaboda walikukosea adabu, na hilo ni lao. Mkipita wanawake sita au saba pamoja sitarajii kelele zirudi. Hata hivyo, kabla hawajafungua kinywa, wewe watangulie kwa salamu ya mama: “Wanangu, habari za asubuhi?” Kijana aliyekwisha kuitwa mwanangu na kuitikia shikamoo huona vigumu kukutukana, na baada ya siku chache hao hao ndio watakaowaonya wenye pikipiki wapunguze mwendo mnapovuka.

Kwaya usiiache. Kuimba ni mazoezi ya pumzi, na wale ni watu ambao wamekuwa wakikusikia, hawakuwa wakikuangalia. Ile sare uliyoongeza kipande ubavuni ivae bila kuinama. Ni kazi safi ya fundi aliyeiweka nguo sawa na mwili uliopo, kama unavyofanya kwa kila mteja anayeingia dukani kwako.

Limebaki ombi la jirani yako. Kilimanjaro Marathon hufanyika hapa Moshi kila mwaka tangu 2003, kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, na katika kilomita 5 wapo wengi wanaotembea mwanzo hadi mwisho, wakiwamo wazee na watoto. Kwa mwendo wa kawaida wa kutembea ni safari ya kama saa moja. Mwitikie jirani yako kwa masharti mawili: daktari awe ameridhika na presha yako, na wewe uwe umeshatembea na wenzako kwa miezi mitatu bila kuacha. Msiende wawili tu. Bebeni na wa kikoba watakaokuwa tayari, mwanze pamoja na mmalize pamoja, na asiwepo wa kutoa saa mfukoni.

Ila mtazame mbele ya siku hiyo. Mbio zikishapita, masika huwa yamekaribia, njia za mtaani zinajaa tope, na hapo ndipo vikundi vingi huvunjika bila mtu yeyote kuamua vivunjike. Kubalianeni mapema mtahamia wapi mvua ikinyesha. Chumba mnachofanyia kikao cha kikoba kinatosha: sogezeni viti ukutani, tembeeni palepale mkiinua magoti, inukeni na kuketi, sukumeni ukuta, dakika 20, kisha fungueni kikao kama kawaida. Wakikataa wote Jumamosi ijayo, mchukue yule jirani aliyekwisha kukuomba mara moja, muanze ninyi wawili Jumatatu saa 12:30.